Kabondo: kalasi ya sita, kisha?

Ndugu msomaji, wewe uliye mbali mgodini, twende pamoja Kisangani, komine ya Kabondo. Asubuhi njia inajaa watoto: shati nyeupe, chini bluu.

Zamani si wote walipita. Tangu miaka ya 1990 Serikali iliposhindwa kulipa walimu sawasawa, wazazi ndio waliwalipa, kwa ile "prime". Mtoto bila prime, anarudishwa nyumbani. Katiba ya 2006 ilisema masomo ya msingi ni bure, lakini tulingoja mpaka Septemba 2019. Hapo watoto wakajaa kalasi, mabenchi yakakosekana. (Mwalimu mwenye watoto mia mbele yake, umuombee.)

Lakini baba, sikiliza vizuri: bure hiyo ni ya primere. Usiache kutuma franka eti "masomo hayalipwi tena". Mtoto akiwa kalasi ya tano, anza kuweka pembeni. Na ya binti pia, si ya kijana tu.

Chuo Kikuu kiko mji huu huu, Waprotestanti walikifungua 1963. Toka Kabondo unafika kwa miguu ao kwa toleka. Katikati kuna miaka sita ya sekondari, na kila mwaka na minervali yake.