Nyuma ya Pazia la Mutindwa

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi kwa Barabara ya Jogoo, ukapinda Buruburu, utafika Mutindwa, mpakani mwa mtaa wa Umoja. Jioni pana kila kitu hapo: mitumba, chapati, samaki wa kukaangwa na makondakta wanaoita abiria. Mimi nilizoea kununua sukuma wiki na kwenda zangu nyumbani, bila kujali kilichokuwa nyuma ya pazia jekundu kando ya kibanda cha mboga.

Siku moja nilimtuma mwanangu wa miaka 11 maziwa. Saa nzima ikapita. Nikamfuata.

"Mama Brian, humo ndimo wanamoshinda," mwuza mboga akaniambia, akinionyesha lile pazia.

Ndani mlikuwa na joto na giza, mabenchi manne na runinga tatu. Watoto, wengine wakiwa bado na sare za shule, walibanana kama dagaa. Mchezo mmoja, shilingi 10. Runinga moja ilikuwa na kandanda. Kwenye nyingine, mwanangu alikuwa akiiba gari na kumpiga polisi risasi katika Grand Theft Auto V, mchezo uliotolewa mwaka wa 2013. Huko Ulaya jalada lake lina nambari 18, maana yake ni wa watu wazima. Humo hapakuwa na jalada lolote. Mwanangu hakunitambua mpaka nilipomgusa bega.

Nilitaka kumgombeza mwenye chumba, lakini nikajiuliza: shilingi zile zilitoka wapi? Zilikuwa chenji yangu ya mkate na maziwa. Mara ngapi nilimwambia, "Nenda kacheze," ili mimi nipumzike?

Mpenzi msomaji, mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha ya maradhi ambayo ndani yake umo uraibu wa michezo hii. Si kila mtoto achezaye ni mgonjwa. Dalili ni kushindwa kuacha, hata masomo na usingizi vinapoharibika.

Siku hizi twaenda pamoja kila Jumamosi, kwa muda wa saa moja, kandanda tu. Hunifunga mabao hadi watoto wengine wakanicheka. Njiani hunisimulia mambo ya shule ambayo zamani sikuyasikia.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Je, mzazi mwenzangu, umewahi kulifunua pazia lililo karibu na kwako?