Wati Si Mwanga

Huku kwetu Kimandolu, mtu aendaye dukani kununua globu huuliza, "Una ya wati ngapi?" Swali hilo tumelirithi. Zamani globu za majumbani zilikuwa za namna moja, uzi mwembamba uwakao ndani ya kioo; basi iliyokula umeme mwingi ndiyo iliyong'aa zaidi. Walakini wati ni kipimo cha ulaji. Jina lenyewe latokana na James Watt, Mskoti wa injini za mvuke, aliyekufa mwaka 1819 pasipo kuona globu hata moja.

Mwanga hupimwa kwa lumeni, nazo huandikwa ubavuni mwa kasha kwa herufi ndogo, lm. Mshumaa wa kawaida hutoa lumeni kama 12. Globu ya uzi ya wati 60 yatoa lumeni 800 hivi. Taa ya LED yatoa zizo hizo kwa wati 9 tu. Na tufanye hesabu, maana ndiyo kazi yetu. Zikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, ile ya kwanza hula uniti 9 za LUKU, na hii ya pili haifiki uniti moja na nusu. Karibu umeme wote wa globu ya uzi hugeuka joto, jambo jema kwa mwenye vifaranga.

Tena taa za LED zenyewe hazilingani. Mzazi mmoja alituletea mbili, zote za wati 9, za bei moja: ya kwanza lumeni 900, ya pili 600 na kidogo. Wala weupe usituhadae. Rangi ya mwanga ni habari nyingine kabisa.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa ameambiwa abane umeme, akaweka taa ya wati 3 sebuleni. Mwanawe wa darasa la saba akawa akiinamia daftari hata pua ikakaribia kuligusa, na saa mbili usiku amekwisha lala. Tulimshauri mama atazame lumeni kwanza, zisipungue 800, kisha achague yenye wati chache. Akaipata ya wati 8. Mtoto sasa asoma ameketi wima, na ongezeko la mwezi mzima halikufika uniti moja.