Dogo wa Msasani Aliyepata Mchongo wa Shelisheli, Kumbe Ana Majina Mawili

Usijisumbue kumtafuta Insta, picha zake zote ni boti za watu. Dogo ana miaka 24, kazaliwa na kukulia Msasani, ile ya kijijini yenye harufu ya samaki, siyo ile ya mageti na walinzi. Tangu amalize Fomu Foo anaishi kwa kuhudumia boti za matanga zilizotia nanga kwenye ghuba. Anazamia kukwangua makombe na mwani, anashona matanga, wikiendi anapeleka watu Bongoyo na Mbudya. Kuna siku kaposti kashika usukani, kavaa miwani, wadada wakajaa wakijua boti ni yake. Hakukanusha.

Mwezi wa Saba, mzee mmoja wa Kizungu ambaye dogo amemsafishia boti muda mrefu akamtupia mchongo. Oktoba, kusi ikishalegea, mzee anavuka kwenda Shelisheli kukaa miezi ya vimbunga, kwa sababu kisiwa cha Mahé kiko nje ya njia ya vimbunga na watu wake wa bima ndivyo wanavyotaka. Kutoka Dar ni kama kilomita 1,800 kwa mstari ulionyooka, na boti ya tanga haiendi kwa mstari ulionyooka. Usiku na mchana watu wanapeana zamu. Anahitaji mtu wa tatu.

"Una pasipoti?"

"Ipo njiani," dogo akajibu. Haikuwa njiani wala popote.

Sasa wengi wanadhani boti ni kama bodaboda, unapiga kiki unaondoka. Mzee akamkalisha chini akamfungulia faili lake. Kuna hati ya usajili wa boti, bima, leseni ya redio. Kabla ya kung'oa nanga lazima aage Uhamiaji, Forodha na bandari, apewe kibali cha kuondokea, maana Port Victoria wataanza na swali hilo hilo: umetoka wapi na karatasi yako iko wapi? Halafu kuna orodha ya waliomo: jina, uraia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Shelisheli haidai viza kwa Mtanzania, na hapo dogo alishangilia kama Simba kafunga. Mzee hakucheka. Akamwambia mtu wake akifika na karatasi yenye utata, gharama za kumrudisha kwao zinamwangukia nahodha. Kwa hiyo jina liwe moja kila mahali, herufi kwa herufi.

Dogo akaenda nyumbani kutafuta cheti cha kuzaliwa. Kilikuwa ndani ya mfuko wa Rambo, chini ya kanga za mama. Kukifungua, jina la kwanza ni lake. La pili na la tatu hayajui.

NIDA, cheti cha Fomu Foo, laini ya simu, kote anatumia jina la mjomba wake, kaka yake mama, mvuvi pale pale Msasani. Mjomba ndiye aliyempeleka kuanza darasa la kwanza, mwalimu akauliza jina la baba, mjomba akataja lake. Ikaisha hivyo. Kesi kama hizi ziko kibao uswahilini, ila hakuna anayezijua mpaka siku anayotaka pasipoti.

Mama alikuwa anakaanga samaki. Dogo akamwonyesha cheti, akauliza, "Mama, huyu ni nani?"

Mama akageuza samaki wote kwanza, mmoja mmoja. Akafuta mikono. Akasema, "Baba yako huyo. Anaishi Mbagala."

Miaka 24 dogo anajua baba alikufa. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo moja kwa moja, ila nyumba ilivyokuwa inanyamaza alijijazia mwenyewe. Kumbe mtu yuko Mbagala! Daladala mbili tu. Dogo aliuliza maswali mawili matatu, mama akajibu moja: "Hakukukataa. Mimi ndiye niliyeondoka." Mengine akamwambia atamwambia siku nyingine, na wateja walikuwa wameshafika.

Wakili aliyemfuata hakuwa na hisia zozote na hayo mambo. Njia ni mbili, akasema. Ama urekebishe NIDA na vingine vyote vifuate cheti cha kuzaliwa, ama uandikishe hati ya kubadili jina, isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ili jina unalotumia liwe la kisheria. Chagua, kijana.

Jamani, hapo unachagua nini? Mmoja kampa damu na hajawahi kumwona. Mwingine kampa kasia akiwa na miaka saba, kamfundisha kusoma upepo kwa kuangalia rangi ya maji. Dogo alikaa wiki nzima bila kuposti, washikaji wakadhani kaibiwa simu.

Mwisho akamfuata mjomba ufukweni, akiwa anashona nyavu. Akamweleza yote. Mjomba hakuinua macho.

"Mjomba, jina langu nilikuazima ili usome," akasema. "Sikukwambia urudishe."

Dogo akaenda kwa wakili siku hiyo hiyo.

Yaliyobaki yalikuwa ya kuzungushwa kawaida. Mama hana cheti cha kuzaliwa, kazaliwa Kilwa enzi hizo, kwa hiyo kikaapwa kiapo. Uhamiaji wanataka uthibitisho wa safari, mzee naye alitaka kuona pasipoti kwanza ndipo aandike barua, vikao vikafanyika mpaka mzee akalainika. Pasipoti ni shilingi 150,000, na nusu ya hiyo hela ilitoka kwa mama. Kuna mshikaji alimtisha kwamba bila cheti cha chuo cha mabaharia hatoki, akapoteza siku nzima kuulizia, kumbe kwa boti binafsi mzee hakuwa na shida nacho.

Mbagala alikwenda mara moja, peke yake, wiki ya mwisho. Alichokikuta huko hajamsimulia mtu, hata demu wake.

Siku ya safari, mzee alimpa fomu yake mwenyewe aijaze: likitokea lolote baharini, apigiwe nani? Dogo akaandika namba tatu, wakati nafasi zilikuwa mbili. Ya tatu kaibana pembeni kwa herufi ndogo.

Waling'oa nanga alfajiri. Mjomba aliwasindikiza kwa boti yake ya mashine mpaka usawa wa Bongoyo, akapunga mkono mara moja, akageuza. Alikuwa na nyavu za kutoa.