Tulipomnunulia Baba Runinga



Katika majuma haya mawili tumeulizwa na watu watatu swali lile lile: mwenye sebule ya kawaida hapa Haydom anunue runinga gani ya HD? Mmoja alituuliza njiani tukitoka kanisani. Mwingine alitutumia kwa simu picha ya boksi lililojaa maandishi ya Kiingereza. Wa tatu alikuwa amekwisha kununua, naye alitaka tu tumthibitishie kwamba hakukosea. Sisi si mafundi. Tunaulizwa kwa sababu majirani wanakumbuka kuwa familia yetu iliwahi kununua runinga kwa kelele nyingi, na kwamba ununuzi ule uliishia mahali ambapo hatukupatarajia. Basi wiki hii tumeona vema tuwasimulie jinsi ilivyokuwa.

Ilikuwa mwaka 2019. Timu yetu ya Taifa ilikuwa imefuzu kwenda Misri katika fainali za Mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Baba yetu aliyakumbuka mashindano yale ya 1980 yaliyofanyika Nigeria kana kwamba yalikuwa ya juzi. Aliyafuata kwa Radio Tanzania, kwa kuwa wakati huo Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walianza chao mwaka 1973, lakini sisi wa bara tulingoja hadi mwaka 1994. Mechi tatu za mwaka 1980, mbili za kufungwa na moja ya sare dhidi ya Ivory Coast, Baba alizifahamu kwa masikio tu. Sisi watoto wake wanne tukaafikiana kwamba safari hii atazitazama kwa macho yake.

Nyumbani palikuwa na TV ya chogo ya inchi 21, na kwa muda mrefu Baba alikuwa akiilalamikia. Alisema picha yake ina ukungu na watu wake hawana nyuso. Tulimsadiki bila kuuliza zaidi, kwa maana kifaa chenyewe kilikuwa kimezeeka kweli. Tukachanga. Kaka yetu mkubwa akauza fahali mmoja, na hapo hapo ugomvi ukaanza. Yeye aliyetoa fahali alitaka runinga ya inchi 55, Baba aone bila kukaza macho. Dada yetu alitaka inchi 32, na fedha itakayobaki isaidie ada ya mwanawe aliyekuwa akiingia kidato cha tano. Tulibishana kwa wiki tatu, tena wakati mwingine kwa maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Mwisho tukakubaliana inchi 43, na kama yalivyo masuluhisho mengi, hili nalo halikumridhisha yeyote.

Leo tunaona kwamba dada yetu alikuwa na hoja nzuri kuliko alivyojua. Inchi zinazotajwa ni za mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Runinga ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 na kimo cha sentimita 40 hivi. Ya inchi 43 ina upana wa sentimita 95 na kimo cha 54. Picha yenyewe hutengenezwa kwa mistari ya nukta. Matangazo ya kiwango cha zamani yana mistari 576. Kioo kilichoandikwa "HD Ready" lazima kiwe na mistari isiyopungua 720, "Full HD" ina 1,080, na zile za 4K ambazo sasa zimejaa madukani zina 2,160. Mtu akisikia hesabu hiyo huona ya kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi. Lakini jicho nalo lina kikomo chake. Jicho zima, likiwa umbali wa mita 3, haliwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko milimita 0.9 hivi. Katika runinga ya inchi 32 yenye mistari 720, kila mstari una kimo cha nusu milimita na kidogo tu. Maana yake ni kwamba ukiketi mita 3 kutoka kwenye kioo cha ukubwa huo, fedha ya ziada unayolipia mistari 1,080 hutaiona. Kinyume chake, ukichukua kioo cha inchi 55 na kukirushia chaneli ya kiwango cha zamani, kila mstari unanenepa kupita milimita moja, na kasoro zote zinajitokeza. Ndiyo maana wapo wanaonunua runinga kubwa, wakairudisha dukani wakilalamika kuwa ile ndogo waliyoiacha ilikuwa safi zaidi. Nao hawasemi uongo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani chukua futi ya fundi upime kutoka ukutani hadi kwenye kiti. Hatukufanya hivyo. Sebule ya Baba ni ya mita 3 kasoro.

Siku ya kununua tulikwenda Arusha watatu. Dukani runinga zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, zote zikionyesha samaki wa rangi, maua yenye umande na miji ya mbali usiku. Tulisimama pale kama watoto. Hatukujua kwamba filamu zile hutengenezwa makusudi ili kioo kipendeze, na kwamba hutoka kwenye flashi iliyochomekwa nyuma, wala si kwenye dishi. Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia muuzaji aunge king'amuzi tuone taarifa ya habari. Tungemwambia, tungeokoa mengi. Yeye naye hakutueleza chochote isipokuwa kwamba boksi lisilazwe, lisimame wima njia nzima, kwa kuwa kioo kikilazwa na kubanwa hupasuka. Kondakta alitaka kulitia kwenye buti chini ya magunia. Dada yetu alikataa, akalishika kati ya magoti yake, na lami ilipotuacha akalikumbatia hadi Haydom huku vumbi likimfanya mwekundu kuanzia kichwani.

Tarehe 23 Juni tulifungwa na Senegal mabao 2 kwa 0. Lakini kilichotuuma usiku ule hakikuwa mabao. Picha ilikuwa mbaya. Ilikuwa kubwa, ni kweli, lakini imetawanyika kama iliyochorwa kwa mkaa, na Baba akasema kwa upole kwamba hii ni kubwa kuliko ile ya zamani, basi. Kaka yetu alinyamaza kwa namna iliyotufanya sote tumkumbuke fahali wake.

Kijana mmoja wa jirani ndiye aliyetufumbua. Alichungulia nyuma ya runinga, akacheka. Fundi wetu alikuwa ameunga king'amuzi kwa waya wa vichwa vitatu, nyekundu, nyeupe na njano, ule ule tuliokuwa tukiutumia kwenye TV ya chogo. Ule wa njano ndio unaobeba picha, nao hauwezi kubeba picha ya HD hata ukiunganishwa na runinga ya bei gani. Waya unaohitajika ni wa HDMI, na tundu lake lilikuwepo muda wote kwenye kioo na kwenye king'amuzi. Kijana akaleta waya wake mwenyewe. Alipouchomeka, nyumba nzima ilishangilia: namba za jezi zilisomeka, na hata jasho la wachezaji lilionekana. Zingatieni basi kwamba mnyororo huu una pete nne, yaani chaneli, king'amuzi, waya na kioo. Ikiwa mojawapo ni ya kiwango cha zamani, picha yote inakuwa ya zamani. Si kila chaneli ya kifurushi hurushwa kwa HD, wala si kila king'amuzi kinaipokea.

Kuhusu umeme tuseme kwa kifupi tu. Wanaotumia sola wasome idadi ya wati iliyoandikwa nyuma ya runinga kabla ya kutazama bei. Kioo cha LED cha wati 40 pamoja na king'amuzi cha wati 15 kitakwenda karibu saa 11 kwa betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100, ukiitumia hadi nusu tu ili isife mapema. Ondoa kidogo kwa kinachopotea kwenye inveta. Wanaotumia umeme wa gridi wanunue kifaa cha kulinda volti. Radi zikianza, chomoeni plagi na waya wa dishi pia, kwa kuwa wengi hukumbuka ule mmoja wakausahau mwingine. Na mvua kubwa ikikata picha, msimlaumu fundi. Mawimbi yanayotoka kwenye setilaiti humezwa na matone ya mvua.

Turudi sebuleni. Usiku wa tarehe 27 Juni tulicheza na Kenya. Majirani walikuja, watoto wakakaa sakafuni, na kiti cha Baba kiliwekwa katikati. Msuva alifunga mapema. Kenya wakasawazisha, na papo hapo Samatta akaturudisha mbele dakika ya 40. Katika vifijo vile tuligeuka kumtazama Baba, na kiti kilikuwa kitupu. Tulimkuta barazani, redio yake ndogo ikiwa sikioni. Tulipomwuliza kwa nini, akajibu, "Redio inaona vizuri zaidi."

Tulikasirika, wapendwa. Hatutaficha. Kaka yetu alisema maneno juu ya shukrani ambayo baadaye alimwomba Baba msamaha kwayo. Mechi iliisha tukiwa tumefungwa 3 kwa 2, na kila mmoja akaenda kulala na huzuni zake mbili.

Asubuhi dada yetu alimpelekea Baba chai. Akamwona anapeleka mkono polepole juu ya meza, akiitafuta kikombe kwa migongo ya vidole, kama mtu atafutaye kiberiti gizani. Jua lilikuwa limeingia dirishani. Dada akasimama pale pale, akanyoosha vidole vitatu, akauliza ni vingapi. Baba hakujibu upesi. Kisha akasema, "Mwanangu, huo ni mkono wako?"

Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Alipoulizwa tangu lini, alisema tangu mwaka juzi, labda zaidi. Mwanzo alidhani ni TV ya chogo, kisha akadhani ni uzee, na tulipoanza kuchangishana kwa ajili yake aliona haya kutukatisha tamaa. Tulikuwa tumegombana juu ya inchi kwa wiki tatu, tukapima bei ya maduka matano, wala hapakuwa na mmoja kati yetu wanne aliyemwuliza anaona nini. Wala hatuwezi kujitetea kwa umbali. Mji huu wa Haydom ulikua kuizunguka hospitali ambayo Walutheri wa Norway waliifungua mwaka 1955. Kwenda kwa daktari si safari ya kutisha kwetu. Tulikuwa tumeshatamka wenyewe ugonjwa ulipo, nao ulikuwa kwenye kioo.

Alifanyiwa upasuaji jicho moja, na la pili baada ya wiki kadhaa. Daktari alitueleza kuwa lenzi ya asili iliyofifia hutolewa na badala yake huwekwa nyingine ndogo ya plastiki, na kwamba lenzi iliyozeeka huwa ya manjano, hata mtu anazoea kuiona dunia yote kupitia rangi hiyo. Gharama yote haikufikia bei ya runinga. Kaka yetu alipiga hesabu hiyo mara mbili, kisha akaikunja karatasi akaitia mfukoni.

Ligi ilipoanza tena, Baba aliketi kwenye kiti chake. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno. Kisha akauliza uwanja ule uko wapi. Tukamwambia ni Dar es Salaam. Akatikisa kichwa, akasema majani hayawi kijani namna ile hata huku kwetu masika. Tulifikiri ni macho mapya, yamezidiwa na rangi. Yule kijana wa jirani akachukua rimoti, akaingia kwenye mipangilio, akakuta runinga bado iko katika hali ya dukani, ile inayozidisha mwanga na rangi ili kioo kishindane na taa za duka. Tulikuwa tumeitazama hivyo miezi miwili na hatukugundua. Akapunguza rangi kidogo.

"Punguza tena," Baba akasema.