Sanduku la Bati la Baba

Baba alinifundisha kusoma ndege kabla sijajua kusoma kitabu. Alikuwa fundi wa injini wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, pale Embakasi, Nairobi. Tukisimama kwenye uzio, nilizitambua kwa herufi: 5H ya Tanzania, 5Y ya Kenya, 5X ya Uganda. Shirika lilikuwa moja tangu 1946, lakini ndege zake zilisajiliwa kwa kugawanywa kati ya nchi hizo, nami nilishangilia kila 5H iliyotua.

Niliyoipenda zaidi ni Super VC10. Zilikuwa 5 tu. Injini zote 4 zilifungwa mkiani, mabawa yakaachwa matupu ili yainyanyue upesi. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600, Baba alinieleza. Hewa ni nyepesi, na ndege yenye mzigo hupata taabu kuruka. Ikipita Super VC10, vyombo vyetu kabatini vilitetemeka. Moja, 5X-UVA, iliangukia Addis Ababa Aprili 1972, watu 43 wakafa. Siku ile Baba hakugusa chakula.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, shirika likafa, tukarudi Dar es Salaam. Baba alitia picha zake katika sanduku la bati, akalisukuma mvunguni. Nikimwuliza, jibu lilikuwa moja: "Yameshapita hayo, mwanangu." Nikakua nikiamini ule ni msiba wa nyumba yetu peke yake.

Nililifungua baada ya kumzika. Mende walikuwa wameanza kutafuna kingo, na nyuma ya picha hapakuwa na jina hata moja. Hilo liliniuma kuliko mende. Nikatoa nakala, nikaanza kuzipeleka kwa wazee wastaafu wa shirika, hapa Dar es Salaam, mitaa ya Kipawa na Ukonga. Hawakuanza na sura za watu. Walianza na mashine. "Hii Dakota." "Hii Fokker Friendship, huoni bawa limepita juu?" Majina yakafuata polepole: fundi wa Kisumu, rubani wa Entebbe, kijana wa Tanga aliyepaka rangi mikia. Nikayaandika kwa penseli.

Katika kutafuta huko niliikuta 5H-MOG, VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, na usajili wake wa kwanza ni wa kwetu. Shirika lilipokufa, 4 zilizosalia zilirudi Uingereza, jeshi la anga likazigeuza za kujazia ndege nyingine mafuta zikiwa angani. Septemba 2013 hiyo 5H-MOG ilitua Dunsfold, Surrey, ili ihifadhiwe. Nilifurahi kwamba haikukatwa chuma chakavu. Niliumia pia, maana mtoto wa Kipawa hawezi kwenda kuigusa. Ndiyo sababu picha za Baba hazirudi tena mvunguni. Nakala zake nazigawa kwa kila anayeomba.

Mwezi uliopita mzee mmoja aliisogeza picha dirishani, akaitazama muda mrefu.

"Huyu aliyeshika ngazi ni mimi," alisema. "Na huyu aliyeingiza kichwa kwenye injini ni baba yako. Andika."