Vinu vya Upepo vya Ngong

Mtu akisimama Kabiria asubuhi isiyo na ukungu, akatazama upande wa kusini-magharibi, huiona milima ya Ngong, na juu yake minara myeupe yenye mabawa matatu matatu. Hivyo ni vinu vya upepo, na safari ya kwenda kuvitazama yafaa sana siku ya mapumziko.

Njia hufuata barabara ya Ngong, hupita Karen hata mji wa Ngong, kisha hupanda mlima. Langoni mgeni hulipa kiingilio, kwani huo ni msitu wa hifadhi. Na achukue koti, maana huko juu upepo hauna mzaha.

Vinu hivi havisagi mahindi. Upepo husukuma mabawa, nayo huzungusha mashine ya kutoa umeme. Viwili vya kwanza, zawadi ya serikali ya Ubelgiji, vilisimamishwa mwaka 1993. Vilikuwa vidogo, na sasa vimekwisha ondolewa kazini. Mwaka 2009 vikaja sita vikubwa, kila kimoja cha kilowati 850. Vingine vikaongezwa baadaye, hata nguvu yote ikafika megawati 25.5.

Mkulima atauliza: Je, upepo ukitulia? Swali hilo ni la haki. Ndiyo sababu umeme wa Ngong huunganishwa na ule wa mito na wa mvuke wa ardhini, mmoja ukipungua mwingine usaidie. Basi tusidharau jaribio dogo: vile viwili ndivyo vilivyotangulia kuonyesha njia.