Kanisa Lililowahifadhi Akina Mama

Msomaji, ukiabiri matatu kutoka Lucky Summer asubuhi ya Jumapili, shuka katikati ya jiji ufuate Kenyatta Avenue kwa miguu. Ukivuka Uhuru Highway utaliona jengo la mawe lenye minara miwili. Hilo ndilo Kanisa Kuu la Watakatifu Wote.

Jiwe la msingi liliwekwa na Gavana Henry Belfield mwaka wa 1917. Mchoraji wake, Mwingereza Temple Moore, alifuata mtindo wa Kigothi ulioanzia Ufaransa karne ya 12: matao yaliyochongoka na madirisha ya vioo vya rangi. Moore alifariki 1920. Kanisa lilikamilika 1952.

Ingawa lilijengwa enzi ya mkoloni, limekuwa kimbilio la mwananchi. Machi 1992, polisi waliwapiga akina mama waliokuwa katika bustani jirani ya Uhuru Park wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Wakakimbilia humu, wakaishi katika chumba cha chini karibu mwaka mzima, Wangari Maathai akiwaunga mkono. Wengi wa wana hao waliachiliwa.

Wapeleke watoto. Wao watastaajabia minara. Nawe waonyeshe sakafu, uwaeleze ni akina nani waliolala chini yake.